Don Williams: weka Greatest Hits kando kwanza, sikiza hizi albamu nzima

Mwenye uzi anauliza amtafutie babake albamu gani za Don Williams, yule mwimbaji wa muziki wa kontri wa Marekani. Mzee kaseti zake zilishaharibika, na yeye akiingia kwa apu za muziki anakuta makava mia na kitu, yote ni kofia na ndevu, hajui ipi ni albamu yenyewe na ipi ni mkusanyiko wa mtu fulani. Wa kwanza kujibu hapo juu akamwambia achukue Greatest Hits yoyote amalize. Hapo ndio nimekataa. Itakuwa ndefu, anayetaka kuruka aruke.

Mimi nimeuza kaseti Nakuru miaka ya tisini halafu baadaye nikawa naweka muziki kwa baa siku za kontri, kwa hivyo huyu jamaa nimemsikiza kikazi na nimemsikiza nikiwa peke yangu, na hayo mambo mawili hayafanani hata kidogo. Kikazi watu wanaitisha zile zile, You're My Best Friend, I Believe in You, Some Broken Hearts Never Mend, Till the Rivers All Run Dry, ukimaliza zungusha tena. Hizo ndizo zilikuwa zimejaa kwa kaseti za kudabu tulizokuwa tunauza (ndio zilikuwa za kudabu, sasa mtaniambia nini, original ungeipata wapi na kwa bei gani), na aliyedabu alikuwa anachanganya wimbo wa 1973 na wa 1986 upande mmoja, na ikibaki nafasi kidogo mwishoni anajazia Jim Reeves. Watu wakakua wakijua Don ni mtu wa mapenzi matamu basi, wa harusi na kusherehekea miaka ya ndoa.

Na Greatest Hits za apu ni kaseti ile ile imevaa nguo mpya. Jamaa alifikisha nyimbo 17 namba moja kwenye chati ya kontri ya Marekani na nyingi ni za mwanamume anayemshukuru bibi yake. Ukizipanga zote mfululizo inakuwa sukari juu ya sukari, kufika wimbo wa nane umechoka na hujui kwa nini umechoka. Lakini kwa albamu huo wimbo mtamu umekaa katikati ya mzururaji, mtu aliyeachwa, baba mlevi, mama wa hoteli ambaye hana mtu, na ukimsikiza hivyo ndio unaamini yule mtu anaposema anapenda, kwa sababu umeshasikia anajua upande ule mwingine pia. Hoja yangu ni hiyo, mengine yote hapa chini ni kuonyesha tu.

Kwa kifupi alikotoka. Alizaliwa Floydada, Texas, 1939. Miaka ya sitini alikuwa kwa kikundi cha folku kinaitwa Pozo-Seco Singers, walikuwa na wimbo unaitwa Time uliovuma 1966, kikavunjika kama 1970. Akaenda Nashville kwa kampuni ya Jack Clement kama mtunzi, siyo kama staa. Wakati huo Nashville studio nyingi zilikuwa zinajaza vayolini na kwaya nyuma ya mwimbaji mpaka humsikii vizuri. Kwa Clement, na prodyusa Allen Reynolds (huyu ndiye aliyekuja kutengeneza albamu za Garth Brooks baadaye), wakafanya kinyume chake, gitaa la mbao, besi tulivu, drams zinapigwa kama kuna mtoto amelala chumba cha pili, halafu ile sauti nzito iko mbele kabisa. Ndio maana hata redio mbovu ya betri ilikuwa inamtoa vizuri, hakukuwa na vitu vingi vya kugongana. Nadhani hiyo ni sababu moja kubwa aliingia Afrika namna ile, na nyingine ni kwamba Kiingereza chake unakisikia neno kwa neno, hata kama shule uliishia njiani.

Sasa albamu.

Anza na Volume One, 1973, ilitoka kwa lebo ndogo ya JMI. Watu wengi hawaijui kama albamu lakini ndani yake kuna Amanda, kuna Come Early Morning, kuna I Recall a Gypsy Woman, kuna The Shelter of Your Eyes, yaani nusu ya kaseti ya mzee wako imetoka hapa. Amanda aliuandika mtunzi Bob McDill, shikeni hilo jina maana nitalirudia. Ni mwanamume amefika miaka thelathini, anajiangalia kwa kioo, anaona kabisa bibi yake alistahili mtu bora kuliko yeye. Huo si wimbo wa harusi jamani, ingawa nimeuona ukiwekwa kwa harusi na watu wakacheza wakatabasamu. Wa Don haukufika mbali kwa chati, Waylon Jennings ndiye aliupeleka namba moja 1979, na mimi bado nasema wa Don ndio wenyewe kwa sababu Waylon anaonekana kama anajisikia, Don anaonekana ana aibu. Gypsy Woman nao ulipanda mpaka namba 13 Uingereza, 1976, miaka mitatu baada ya albamu. Uingereza walimpenda sana huyu mtu, hilo watu husahau.

Volume Two ya 1974 ni nzuri ila ni ya msikilizaji ambaye tayari amemzoea Don, ina We Should Be Together. Volume Three, mwaka huo huo, ndio ana namba moja yake ya kwanza, I Wouldn't Want to Live If You Didn't Love Me. Zipitie ukiwa na wakati.

1975 ikaja You're My Best Friend. Wimbo wenyewe aliuandika Wayland Holyfield, hilo ni jina la pili la kushika. Hao wawili, McDill na Holyfield, ndio nguzo za Don. McDill anampa hadithi, Holyfield anampa nyumba na bibi. Greatest Hits imejaa Holyfield, ya McDill imeweka kidogo, na ndio maana picha inapinda. Kwa babako hii albamu ni lazima kwa sababu wimbo wenyewe ataujua kabla haujaanza vizuri, lakini mimi kwa kusikiza tu naruka kwenda inayofuata.

Inayofuata ni Harmony, 1976, ilifika namba moja kwenye chati ya albamu za kontri. Kama kuna albamu ya Don ambayo hakuna kitu unaweza kutoa wala kuongeza basi ni hii. Inafungua na Till the Rivers All Run Dry ambao Don aliandika na Holyfield, na usiuchukulie ni wimbo wa wazee wa kijijini, kwa sababu mwaka uliofuata Pete Townshend wa The Who na Ronnie Lane waliuweka kwa albamu yao Rough Mix. Eric Clapton naye mwaka huo huo akachukua We're All the Way wa Don akauweka kwa Slowhand. Hao ni watu wa roki, wa kelele, wanakaa chini kusikiza huyu mtu wa kunong'ona. Say It Again na She Never Knew Me pia ziko hapa. Harmony iweke Jumapili mchana watu wakiwa wamekula, usiiweke kwa baa, baa inaimaliza, nimejaribu mara nyingi na kila mara mtu anakuja kaunta kuniuliza kama nimechoka.

Visions ya 1977 ina Some Broken Hearts Never Mend, ukiutoa huo naona ni albamu ya kawaida. Kuna watu watanipinga. Sawa.

Country Boy, mwaka huo huo 1977, hiyo ndiyo nataka kila mtu hapa aitafute. McDill amejaa humo. Kuna Rake and Ramblin' Man, jamaa mzururaji amejikuta bibi ana mimba sasa anamuuliza rafiki yake, niangalie vizuri, nafanana na baba ya mtu kweli? Don anauimba bila kucheka na ndio maana unachekesha. Kuna Louisiana Saturday Night, ule wa vumbi na buti, mnaujua kwa sauti ya Mel McDaniel ambaye aliuvumisha 1981 lakini hapa ndio ulikuwa kwanza, na umepigwa taratibu kidogo hivi unaona kama watu wamechoka na shamba wanacheza tu kwa sababu ni Jumamosi. Na I'm Just a Country Boy ukawa namba moja. Hii albamu ilikuwa inanifanyia kazi vizuri kwa baa, niliweka upande mzima bila kukatiza na hakuna mtu aliitisha kitu kingine.

Halafu Expressions ya 1978 na hapa wengi tutakubaliana. Tulsa Time, It Must Be Love, Lay Down Beside Me, zote ndani ya albamu moja. Tulsa Time aliuandika Danny Flowers, mpiga gitaa wa bendi ya Don, wakiwa hotelini huko Tulsa nje kuna theluji, na Clapton alipousikia hakungoja, akautoa mwaka huo huo kwa Backless. Kwa hivyo miezi hiyo kulikuwa na Tulsa Time mbili sokoni. Ya Don ilifika namba moja ya kontri mwanzoni mwa 1979 na chama cha kontri cha ACM kikaupa singo ya mwaka. Wimbo una kodi (chords) mbili tu, mtoto anayejifunza gitaa anaupiga wiki ya kwanza, lakini jaribu kuupiga uwe na ule mwendo wa Don uone, bendi nyingi hapa Kenya zinaukimbiza, unapoteza kila kitu. It Must Be Love ni wa McDill tena, Alan Jackson aliurudia akaupeleka namba moja mwaka 2000. Ukiniambia chukua moja tu kwa zote nitachukua Expressions, nikiwa nimekasirika kidogo kwa kuacha Country Boy.

Portrait ya 1979 nitakaa hapo kidogo kwa sababu ya wimbo mmoja, Good Ole Boys Like Me. McDill, nani mwingine. Ni mtu mzima anakumbuka utoto wake kusini mwa Marekani, juu ya kitanda kuna picha ya Stonewall Jackson, baba anaingia kumbusu usiku ananuka pombe na mkononi ana Biblia, anamwambia mambo ya heshima, akitoka anayumba. Halafu anakuwa mkubwa, anasikiza redio usiku, anasoma vitabu, anajifunza kuongea kama mtangazaji wa habari, rafiki yake mmoja anaharibika na yeye anaondoka lakini moyoni hakuondoka. Kuna mtu mweusi mwenzangu aliwahi kuniuliza wewe unasikizaje wimbo wenye picha ya jenerali aliyepigania upande wa wenye watumwa. Swali zuri na silikwepi. Mimi nasikia ni mtoto ambaye hakuchagua picha ya kuwekwa juu ya kitanda chake, na wimbo haumsifu yule jenerali wala haumsifu baba, unasema tu hivi ndivyo nililelewa. Mtu mwingine ataona tofauti na siwezi kumwambia amekosea. Lakini kwa uandishi, sijui wimbo wa kontri unaoupita. Ulisimama namba mbili 1980, na kwa kaseti zetu karibu haukuwepo, na hao waliokuwa wakidabu siwashangai, nani angeucheza. Love Me Over Again uko hapo pia, huo Don aliandika mwenyewe, ukafika namba moja, huo ndio tulikuwa nao.

I Believe in You, 1980. Hii ndiyo ilimtoa nje ya kontri, wimbo wenyewe uliingia hadi namba 24 kwa chati kubwa ya Marekani ya muziki wote, na CMA, chama kingine cha kontri, wakaipa tuzo ya albamu ya mwaka 1981. Uliandikwa na Roger Cook na Sam Hogin, na Cook ni Mwingereza wa Bristol, kwa hivyo wimbo ambao kila mzee wa Kenya anaona ni wa shamba la Texas una mkono wa mtu wa Uingereza ndani. Albamu ni safi sana, imesafishwa mpaka inang'aa, na kwangu hapo ndio utamu unaanza kuzidi. Falling Again ni mzuri. Kama mzee ana kanisa kidogo ataipenda hii kuliko zote.

Baada ya hapo naenda haraka. Especially for You, 1981, ina If I Needed You akiwa na Emmylou Harris, wimbo wa Townes Van Zandt, na ina Lord, I Hope This Day Is Good ambao huku kwetu umegeuka karibu sala ya asubuhi. Listen to the Radio 1982, sawa. Yellow Moon 1983 ina Love Is on a Roll, ambao John Prine aliandika na huyo huyo Cook. Halafu Cafe Carolina ya 1984, na hapa simameni tena dakika moja kwa ajili ya Maggie's Dream. Mama anahudumia madereva wa malori kwa hoteli ya barabarani milimani huko Asheville, amehudumia miaka thelathini, anajua kila mtu, kila mtu anamjua, hana mume na hajawahi kuwa naye, na akibaki peke yake anaweka wimbo kwa ile mashine ya muziki. Basi. Hakuna kinachotokea. Wimbo ulikwama nje ya kumi bora. Lakini mimi nilikuwa nafanya kazi karibu na Salgaa, pale malori husimama, madereva wa kwenda mpakani Malaba wanaingia na matope, na huo ndio ulikuwa wimbo pekee ambao wahudumu wa pale ndio waliuitisha, siyo wateja. Greatest Hits nyingi zinauruka.

Zile za lebo ya Capitol kuanzia New Moves ya 1986 mimi siziwezi. Heartbeat in the Darkness ilifika namba moja, sawa, na We've Got a Good Fire Goin' ni wimbo mzuri, lakini drams zimekuwa za mashine mashine, vinanda vinang'aa, na mtu ambaye nguvu yake ilikuwa kuacha vitu nje sasa amewekewa vitu. Traces ya 1987 ni afadhali kwa sababu ya Old Coyote Town. Kama mzee wako alikuwa kijana miaka hiyo atakuwa na kumbukumbu zake na hizo, sitaki kumharibia.

Mwisho wa maisha alirudi vizuri, na hii wengi hawajui kwa sababu wakati huo tulikuwa tumeacha kununua. Aliingizwa Hall of Fame ya kontri 2010, halafu 2012 akatoa And So It Goes, na prodyusa ni Garth Fundis waliyefanya naye kazi miaka mingi. Sauti imeshuka imekuwa na mchanga kidogo. Alison Krauss anaimba naye, Keith Urban naye yumo. Halafu Reflections ya 2014, hiyo ndiyo bora kwa hizo mbili, humo anaimba I'll Be Here in the Morning wa Townes na anaimba Sing Me Back Home wa Merle Haggard.

Na huyo Haggard ananirudisha kwa ndugu aliyesema hapo juu Don si kontri ya asili, asili ni George Jones na Merle, Don ni laini. Naelewa unachosema. Jones analia, Merle amelala jela kweli kweli, Don alioa Joy 1960 na akakaa naye mpaka alipofariki Septemba 2017, hakuna skendo, hakuna chupa iliyovunjwa. Lakini asili siyo kulia. Msikize anavyouimba huo wa Merle, mfungwa anapelekwa kunyongwa anaomba rafiki amwimbie, Don hapandishi sauti hata mahali pamoja, hakuna vayolini za kukulazimisha, anakupa maneno uyabebe mwenyewe. Kama hiyo si asili basi sijui tunaita nini asili. Wakati wengine Nashville walikuwa wanafukuza disko huyu alikuwa bado kwa kiti chake na gitaa.

Mambo ya kutafuta kwa simu sasa. Angalia mwaka na idadi ya nyimbo, albamu za miaka ya sabini zina kama kumi au kumi na moja na zinakaa nusu saa na kidogo. Ukiona nyimbo 20, 30, 40, huo ni mkusanyiko, hata kama kava ni ya zamani. Ukisikia makofi mwanzoni ni laivu, na kuna laivu nyingi zimeandikwa majina ya hiti bila kusema ni laivu. Kwa mzee mpe Harmony na You're My Best Friend kwanza, nusu atazijua, halafu umwekee Country Boy bila kumwambia ni nini. Wewe mwenyewe kama hujawahi kumsikiza kabisa anza Volume One kisha Expressions kisha Portrait. Gentle Giants ya 2017, ile ambayo wengine wanaimba nyimbo zake, iache ya mwisho, ingawa Chris Stapleton na bibi yake wameuweza Amanda na Trisha Yearwood ameuweza Maggie's Dream.

Na kama anapenda kuona na siyo kusikia tu, kuna video inaitwa Into Africa, shoo ya Harare, Zimbabwe, 1997. Don na kofia yake, haruki wala hachezi, na watu wa pale wanamwimbia maneno. Ila imetoka kwa hiti zake, kwa hivyo Maggie usimtegemee sana humo. Unganisha kwa spika za televisheni, hizo za simu zinameza besi yote.